Kasha la bibi jukwaani: namna ya kutunga mchezo wa nyimbo Lamu na Malindi

Nyumbani kwa bibi yangu, mtaa wa Langoni mjini Lamu, kuna kasha la mbao lenye misumari ya shaba. Ufunguo wake bibi huufunga kwenye pindo la leso, na tangu utotoni sikuwahi kumwona akilifungua. Siku moja nikamuuliza. Alikuwa anachambua mchele, akanijibu bila kuinua uso: "La babuyo hilo. Alinambia ataya kulifungua mwenyewe." Ataya, yaani atakuja.

Babu aliondoka na kusi, upepo wa kutoka kusini, ndani ya jahazi lililopakia boriti za mikoko kwenda Arabuni, miaka mingi kabla serikali haijapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Kaskazi, upepo wa kurudia, ilipoanza, jahazi lilirudi. Yeye hakurudi.

Jibu lile la bibi ndilo lililozaa mchezo wangu wa kwanza: saa moja, nyimbo tisa, watu kumi na wanne. Tangu hapo nimekaa na vikundi kadhaa vya vijana, vya hapa kisiwani na vya Malindi, na maswali wanayoniuliza ni yale yale. Nimeyaandika majibu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Ninaposema mchezo wa nyimbo nakusudia mchezo wa jukwaani ambao hadithi inakwenda mbele kwa kuimbwa na kuchezwa, ukiutoa wimbo hadithi inakatika. Mchezo wa maneno uliochomekwa nyimbo ili watu wapumzike ni kitu kingine.

Hatua ya 1: Anza na kitu kimoja unachoweza kukishika

Vijana wengi huja wakisema wanataka kuigiza historia ya Lamu. Historia ya Lamu haiingii jukwaani. Ukiwaweka Wareno, Waomani, Waingereza na Uhuru ndani ya dakika sitini, watazamaji watarudi kwao na rundo la tarehe, na tarehe haimtoi mtu machozi.

Tafuta kitu. Ufunguo. Mlango wa kuchonga ambao nusu yake iliuzwa. Jina ambalo ukoo haumpi mtoto tena. Barua iliyofika mwenyewe ameshakufa. Kitu cha namna hiyo hubeba swali ndani yake, na swali ndilo linalowafanya watu wasiondoke.

Lipime hivi: nenda barazani jioni, mweleze mzee mmoja kwa maneno machache. "Kuna bibi ana ufunguo wa kasha la mumewe, na hajalifungua kwa zaidi ya miaka arubaini." Akikuuliza "ikawaje?", endelea. Akikuambia "naam, maisha ndivyo yalivyo", rudi ukatafute kitu kingine.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, uwaulize nyimbo kabla ya kisa

Hapa usifanye haraka. Mimi hutenga miezi miwili mizima kwa kusikiliza tu.

Ukimwambia mzee "nisimulie habari za zamani", atakusimulia zile alizokwisha kuzisimulia kwa wageni: fupi, zimepigwa pasi, hazina harufu. Muulize badala yake siku fulani watu waliimba nini. "Siku ya harusi yako, ngoma ya vugo ilipopita mtaani, waliimba nini?" "Chombo kilipokuwa kinashuliwa, mabaharia waliitikia vipi?" Wimbo ukishamjia mdomoni, mambo mengine huufuata yenyewe: nani alikuwapo, nani alinuniwa, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alikuja na viatu vya kuazima.

Bibi yangu hakuweza kunieleza siku babu alipoondoka. Alisema amesahau. Nikamuuliza mabaharia walikuwa wakiimba nini walipotweka tanga. Akanyamaza kidogo, akaanza kugonga ungo kwa vidole viwili, polepole, kisha akaimba mstari mmoja ambao sikuwahi kuusikia popote, na baada yake akanambia rangi ya kikoi alichovaa babu, na kwamba alirudi mara mbili nyumbani akidai amesahau kofia. Mara mbili! Mandhari yetu ya kwanza yote ilitoka pale kwenye ungo.

Mambo madogo ya kuzingatia. Nenda baada ya Alasiri, mzee akishapumzika. Usiende na watu watano. Simu ya kurekodia iweke wazi mbele yake, uombe ruhusa kwanza, na akikataa iweke mfukoni uandike kwa mkono ukifika nyumbani. Nyimbo za wanawake zikusanywe na wanawake: kuna beti za vugo na za chakacha, ngoma za akina mama, ambazo mama hawezi kuzitamka mbele ya mjukuu wa kiume, na hizo ndizo zenye chumvi. Na mzee asikilizwe zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza anakupa kisa cha ukoo, mara ya tatu anakupa chake.

Hatua ya 3: Omba ruhusa ya ukoo mzima

Hili nilijifunza kwa uchungu. Nilipata ruhusa ya bibi nikadhani yatosha. Usiku wa kwanza, katikati ya wimbo wa tano, shangazi mmoja wa upande wa babu akanyanyuka na wanawe wawili, wakatoka. Kwetu sisi babu ni mtu aliyemwacha mke. Kwao ni kaka aliyetuma pesa miaka saba, akafa ugenini bila kuonwa. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Nilikwenda kwao siku ya pili nikaketi sana kabla sijafungua mdomo, na yale waliyonambia ndiyo yaliyoubadilisha wimbo wa mwisho. Sasa babu naye anaimba, kutoka upande wa pili wa bahari. Mchezo umekuwa bora, lakini mlango wa nyumba ile ulichukua muda kufunguka kama zamani, na hilo lingeepukika kwa safari moja ya heshima.

Kwa hiyo zungukia pande zote za ukoo na muswada mkononi. Soma kwa sauti pale panapowagusa. Badilisha majina hata wakikuambia si lazima. Na habari za utumwa zitakapotokea, na katika pwani hii hutokea karibu kila kasha linapofunguliwa, usizifute na usizigeuze pambo. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, kwa hiyo wapo wazee waliolelewa na watu walioujua kwa miili yao. Ukoo wa aliyemiliki na ukoo wa aliyemilikiwa huenda leo wanaswali safu moja na wameoana. Waendee wote wawili. Kama wa upande mmoja hawataki, mandhari ile haiandikwi.

Hatua ya 4: Ikiwa umechagua historia au ngano

Si kila mtu ana kasha. Wengine huchukua tukio linalojulikana na wote, na hilo lina shida yake: watazamaji wanaujua mwisho. Basi kazi yako ni kuwapa mahali papya pa kutazamia.

Chukua vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Lamu ilipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa. Kila mtoto wa hapa anajua tulishinda. Ila masimulizi ya wazee yanasema maji yalikupwa, vyombo vya adui vikakwama mchangani, wakakosa pa kukimbilia. Maji kupwa ni tamasha tosha jukwaani: shuka za buluu zinazovutwa nyuma taratibu, ngoma ikipunguza mapigo, na wanaume wanaotazama miguu yao. Tena ugomvi ule ulikuwa na washairi wake. Bwana Zahidi Mngumi alitungia upande wa Lamu, Muyaka bin Haji upande wa Mvita, yaani Mombasa. Watu waliokuwa wakijibizana kwa mashairi kabla ya kushikana kwa panga hawahitaji kubuniwa sababu ya kuimba.

Malindi mna twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa Uchina, na huko wakamwona ni mnyama wa heri wa ngano zao. Mimi ningemweka jukwaani mvulana aliyepewa kazi ya kumlisha njiani. Anaondoka kwao na mnyama wa kawaida, anafika ugenini watu wanamsujudia mnyama wake, naye hakuna anayemtazama. Mvulana huyo ni wa kubuni, na katika karatasi ya onyesho useme hivyo waziwazi. Yale ya kweli yabaki na mwaka wake. Uliyoyaongeza yajulikane kuwa umeongeza.

Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, ana sanamu yake Malindi, na kisa chake kimeigizwa mara nyingi: kuku anayetetea vifaranga mbele ya ofisa wa Kiingereza, kukamatwa mwaka 1913, kupelekwa mbali upande wa Kisii, kutoroka na kurudi kwa miguu. Vikundi vingi hukimbilia kuku kwa sababu watu hucheka. Mimi naona utajiri uko katika ile safari ya kurudi. Mwanamke mtu mzima, nchi asiyoijua, lugha asizozisikia. Kila kijiji wimbo wake, naye haelewi neno. Lakini angalia: aliwakusanya watu kwa kifudu, nayo ni ngoma ya msiba, yenye wenyewe. Usiinyakue kutoka kwenye video. Waendee wazee wa Kigiriama, uwaulize kipi kinaweza kuonekana na kipi hakionekani, na jibu lao ulishike.

Fumo Liyongo je? Shujaa wa Ozi anayechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kuzaa. Watu humwandika Liyongo mwenye nguvu. Nakushauri umwandike mtoto. Yeye ndiye aliyekaa na ile sindano, usiku, baba amelala, akaogopa na kurudi nyuma. Wimbo wake uko hapo.

Hatua ya 5: Panga mandhari kwa pepo

Mandhari sita au saba zinatosha kwa saa moja. Sisi tuliyapanga kwa pepo za mwaka, kwa sababu hadithi yenyewe ilikwenda hivyo: kusi anaondoka, matlai (upepo wa mashariki) bibi anajifungua, kaskazi jahazi linarudi bila yeye, kusi la pili, la tatu, kisha yanarukwa mengi hadi uzee. Mtazamaji wa Lamu ukimwonyesha tanga linaelekea wapi tayari ameshajua ni mwezi gani, huhitaji msimulizi wa kumweleza.

Kama kisa chako ni cha bara, kipange kwa mavuno, au kwa safari, au kwa vyumba. Nyumba ya kale ya Lamu yenyewe ni jukwaa: unaingia dakani wanapoketi wageni, unavuka kiwanda, yaani ua wa katikati, unafika msana, ukumbi wa kwanza, mwisho ndani kabisa. Siri inavyozidi kuwa kubwa ndivyo mandhari inavyoingia ndani.

Hatua ya 6: Kila ngoma ipewe kazi yake

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Hapa pwani watu hawaimbi kwa sababu wamejaa hisia. Wanaimba kwa sababu kuna kazi: tanga linatwekwa, bwana harusi anapelekwa, mtwangio uko mkononi, mtoto hataki kulala. Mchezo unaomfanya mtu asimame katikati ya sebule aimbe huzuni zake, mtazamaji wetu anaona haya kwa niaba yake. Mpe kazi ya mikono kwanza, kisha umwache aimbe. Huzuni itajipenyeza yenyewe.

Basi kaa na orodha ya mandhari, na kila moja uiulize: hapa watu wa kweli wangekuwa wanafanya nini, na kazi hiyo ina wimbo gani?

Harusi ina vugo: wanawake wanagonga pembe za nyati kwa vijiti, na beti zao ndiko mtu anakosemwa bila kutajwa. Ukitaka mama mkwe atoe la moyoni, hapa ndipo. Kirumbizi ni cha wanaume, fimbo kwa fimbo, zumari linapanda juu. Hicho nakupa kwa ugomvi wa ndugu wawili ambao hawawezi kugombana kwa maneno mbele ya baba yao. Wanapigana kwa mchezo mpaka mmoja anasahau kuwa ni mchezo. Tulifanya hivyo, na usiku ule ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo hata sasa naikumbuka: fimbo moja ilipovuka kipimo, zumari likakatika ghafla, na zikabaki pumzi za vijana wawili tu. Goma la wazee, safu iliyosimama na bakora ikiyumba taratibu, ni la heshima na la wakati uliopita. Liweke pale jambo kubwa linapoamuliwa na watu wasioonyesha nyuso zao.

Msilete ngoma pasipo pake kwa kuwa inapendeza. Niliwahi kuona chakacha imewekwa kwenye mandhari ya kuondokewa, kwa sababu wasichana walikuwa wameizoea. Akina mama waliinamisha vichwa. Na mambo ya ibada, kama maulidi na dhikiri, mimi sipandishi jukwaani kabisa. Kama mandhari inayahitaji, sauti isikike kwa mbali kutoka nyuma ya ukuta, kama tunavyoisikia majumbani mwetu.

Kisha chagua wimbo mmoja uurudishe mwishoni ukiwa na maana nyingine. Ule mstari wa kutweka tanga tulioupata kwenye ungo uliimbwa mwanzo na mabaharia kumi kwa nguvu zote. Mwisho unaimbwa na bibi kizee peke yake, kwa mapigo yale yale, akivuta kamba ya kuanikia nguo.

Hatua ya 7: Andika maneno, ukihesabu mizani kwa vidole

Utenzi unafaa kwa kusimulia: vipande vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne hubeba kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Shairi la mizani kumi na sita linafaa kwa watu wawili wanaojibizana. Gonga meza unapohesabu. "Nda" ni mizani moja, "ngo" moja, lakini ile "m" ya "mpenzi" husimama peke yake.

Nikuonyeshe kosa langu. Wimbo wa bibi, kusi la pili, mara ya kwanza niliuandika hivi:

*Moyo umeja huzuni*
*machozi yangu matoni*
*mpenzi u safarini*
*kungoja kunanichosha*

Mizani imetimia, vina vimekaa. Nikamsomea bibi. Akatikisa kichwa. "Huyo alia. Mimi sikulia, mwanangu. Naliketi na ufunguo."

Nikarudi kuandika upya:

*Kusi limengia pwani*
*jahazi i bandarini*
*nami nimebaki ndani*
*na ufunguo wa kasha*

Hapa hakuna neno huzuni. Kuna upepo, chombo, mtu na kitu mkononi mwake, na mtazamaji analeta huzuni yake mwenyewe. ("Limengia" kwa "limeingia" ni inkisari, washairi wetu wameifanya tangu zamani kulinda mizani. Usiione haya, ila usiifanye kila mstari.) Tangu siku hiyo, kila ubeti ninaoutunga naupitisha kwa swali moja: nikikata neno la hisia, kitabaki kitu cha kuonekana? Kama hakibaki, ubeti haujaandikwa.

Waimbaji nao wana mahitaji yao. Sauti ndefu iangukie irabu iliyo wazi, "a" au "o". Ukimwekea mtu "i" kwenye noti ya juu atabana koo. Mwitikio uwe mfupi kiasi cha mtoto wa safu ya mbele kuushika mara ya pili.

Hatua ya 8: Kiamu au Kiswahili cha shule?

Vyote viwili. Wazee na watu wa nyumbani waseme Kiamu: "ndoo" (njoo), "yeo" (leo), "muyi" (mji), "mato" (macho). Mwalimu, askari, karani wa forodha waseme cha shule. Watazamaji watajua nani ana mamlaka na nani yuko kwao, bila kuambiwa. Ila mpate mtu aliyezaliwa na Kiamu awasikilize vijana wenu mazoezini, kwa maana Kiamu cha kuigwa huchekesha pasipotakiwa kicheko.

Hatua ya 9: Watu, vyombo na mazoezi

Mpigaji zumari mtafute kabla ya mwigizaji mkuu, maana waigizaji wanapatikana, wapuliza zumari wazuri si wengi. Ngoma mbili, msondo na chapuo, matari mawili, upatu, na udi au gambusi kwa nyimbo za ndani ya nyumba. Kinanda cha umeme tulikijaribu tukakirudisha, kwa sababu kilifunika kila kitu.

Wasichana: nendeni kwa wazazi wao, nyinyi mlio wakubwa, si kutuma ujumbe. Elezeni saa za kumaliza, nani atawarudisha nyumbani, watavaa nini, watasimama na nani. Kuna wazazi watakaosema binti ataimba lakini haonekani. Mkubalie. Sauti ya mke anayengoja, ikitoka nyuma ya pazia la mlango huku ufunguo tu ukionekana mkononi, ilikuwa mandhari bora ya mchezo wetu, na ilitokana na sharti la mama mmoja.

Mazoezi jioni tatu kwa wiki, miezi mitatu. Mwezi wa Ramadhani uacheni, na Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, vijana wote wamo kwenye maulidi ya msikiti wa Riyadha, msishindane nayo. Nunueni mahamri na chai ya tangawizi hata kama pesa ni chache. Mazoezi yasiyo na chai hukimbiwa baada ya wiki ya pili.

Hatua ya 10: Mahali, ruhusa na saa

Lamu, uwanja wa ndani wa Ngome ndio mahali pangu pa kwanza. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza mpaka 1984, na kuta zake zinarudisha sauti vizuri kiasi kwamba kwaya ya watu kumi husikika bila maiki. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo barua ipelekwe kwao mapema, ikisema tarehe, idadi ya watu na mtakachokuja nacho. Msipigilie msumari ukutani hata mmoja. Ofisi ya utamaduni ya kaunti ijulishwe, na polisi pia, kwa kuwa ni mkusanyiko wa usiku.

Nje, Mkunguni mbele ya Ngome pana watu tele, lakini pana punda, na punda hangoji wimbo uishe. Ufukweni, Shela au Malindi, panapendeza, ila angalieni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kutangaza tarehe. Upepo wa baharini hula maneno, kwa hiyo wekeni watazamaji upande upepo unakoelekea.

Anzeni saa mbili na nusu usiku, watu wameshaswali Isha. Sehemu ya akina mama itengwe na iwe nzuri, iwe na mahali pa kukalisha watoto na iwe na njia yake ya kutokea. Wakikaa vibaya mtawapoteza, na wao ndio wataupeleka mchezo wenu mtaa kwa mtaa kesho asubuhi.

Hatua ya 11: Maleba, taa na usiku wenyewe

Maleba azimeni majumbani: kanzu, kofia, vikoi, buibui za zamani, leso. Andikeni kila kitu kwenye daftari na jina la mwenyewe. Leso someni maneno yake kabla ya kuipandisha jukwaani, watazamaji watayasoma.

Wekeni karabai mbili tayari, stima ikikatika mnaendelea. Ilitukatikia wimbo wa saba, na waliokuwapo wanadhani tulikusudia.

Onyesho likiisha, msitawanyike kwa kupiga picha. Mtu mmoja na daftari asimame mlangoni, pembe za vugo zirudi usiku huo huo kwa mama aliyeziazimisha, zumari lifutwe na kufungwa kwenye kitambaa chake, kila leso ikunjwe. Kaseti au faili ya mahojiano mliyorekodi ipelekwe kwa mzee aliyesimulia, pamoja na nakala ya muswada.

Ufunguo wa mchezo wetu ulikuwa wa kweli. Bibi aliufungua kwenye pindo la leso kila jioni ya onyesho, akampa binti mwigizaji mwenyewe, mkononi, na akaketi safu ya mbele mpaka mwisho ili arudishiwe.